Marahaba ya Bi Asmahani

Idarusi aliingia jukwaani kavaa buibui na viatu vya kisigino, ukumbi ukaangua kicheko kabla hajasema neno. Mchezo ulikuwa wa bibi tajiri asiyejibu salamu za wanyonge, na watu wa Tanga waliokuwamo mle walijua anayeigwa ni nani. Idarusi alikuwa mpishi wa Bi Asmahani. Asilolijua ni kwamba Bi Asmahani mwenyewe angekuja, akae kiti cha mbele.

Alipomwona, aliiona kazi yake ikimponyoka. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake. Lakini mchezo ukishaanza hauna pa kurudi. Sadalla, aliyeigiza kizee cha kufua nguo, alipiga goti na furushi lake kichwani.

"Shikamoo, bibi."

Idarusi akachezea bangili zake. Sadalla akarudia, sauti ikimtetemeka, watu wakacheka. Akarudia tena, polepole, kama mtu anayeomba maji. Salamu isiyopokewa huuma sikio. Hata waliokuwa wakicheka walianza kunyamaza.

"Marahaba," akajibu Bi Asmahani kitini pake.

Alilelewa vizuri utotoni. Neno lilimtoka tu. Ukumbi ukapasuka kwa vicheko, wengine wakasimama wamtazame. Yeye akavuta ushungi hadi machoni.

Idarusi alikuwa na la kusema, limeshafika ulimini: nani huyo anayeniibia salamu zangu? Lingemmaliza Bi Asmahani. Akalimeza. Akamshika Sadalla mkono, akamwinua.

"Marahaba, mama. Tua mzigo."

Mchezo ukapoa pale pale. Nyuma ya pazia Sadalla alimnunia, akamwambia kichekesho chao amekitia maji.

Asubuhi Idarusi alifika kazini akiwa tayari kufukuzwa. Bi Asmahani aliingia jikoni, mahali asipopazoea, akanywa chai amesimama karibu na mlango wa uani. Punde akaja Bi Mwanamkasi, mfuaji wa nyumba ile, mtu mzima wa kuweza kumzaa bibi yule, kabeba nguo zilizopigwa pasi. Alikuwa ameshaanza kuinama, kama ilivyokuwa desturi yake. Idarusi akaacha kukoroga uji.

Bi Asmahani akaweka kikombe chini.

"Shikamoo," alisema.

Bi Mwanamkasi akageuka nyuma, aone ni mzee gani aliyeingia.