Pua ya Nyumba ya Ukai

Katika bonde la Kiso, mwanamume akiingia kwenye ukoo wa mkewe na kuchukua jina lao, watu humcheka chinichini kwamba ameolewa. Tamotsu aliolewa na nyumba ya Ukai, watengenezaji wa udi, kwa sababu ya pua yake tu. Nyumba hiyo haikati mti kwa ajili ya udi. Huchukua maranda ya hinoki, mti wa mbao zenye kunukia, kwa mafundi wa mapipa ya kuogea, na mafundi hao, wakipata upenyo, huchanganya humo mbao za ovyo. Tamotsu alikuwa akinusa gunia mara moja anajua.

Kisha homa ya majira ya baridi ikamlaza, na alipoinuka pua ilikuwa imekufa. Hakusikia harufu ya hinoki wala ya moshi. Alimwambia mkewe Chigusa peke yake, huku akilia bila aibu. Mkwe asiye na faida hurudishwa kwao, na mtoto hubaki na wenye jina. Binti yao, Nao, alikuwa hata hajaanza kutambaa.

"Nyamaza, mume wangu," Chigusa alimwambia. "Mimi nitakuwa pua yako."

Wakapatana. Kitu kikiwa kizuri, Chigusa angekohoa. Kikiwa kibaya, angekaa kimya. Waliishi hivyo mpaka theluji ikayeyuka, na mama mkwe Umeno, mwanamke aliyezaliwa na roho mbaya akaitunza vizuri, hakusema neno.

Siku ya kumbukumbu ya marehemu mumewe, ukoo mzima ulikusanyika mbele ya madhabahu ya nyumbani. Umeno alimpa Tamotsu kijisanduku cha vijiti vya udi.

"Mchanganyiko mpya, baba. Unuse kwanza. Tusije tukamwaibisha marehemu."

Tamotsu aliinama. Nyuma yake Chigusa akakohoa.

"Hinoki tupu, Mama," Tamotsu alisema kwa sauti ya kujiamini. "Mti wa kivulini, uliokua polepole." Akawasha, akakunja mikono, akainamisha kichwa.

Alipokiinua, shangazi mmoja alikuwa ameziba pua kwa kiganja. Mjomba alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akapaliwa na mate.

"Hinoki!" Umeno alisema. "Hizo ni mbao za sanduku la samaki, bwana mkubwa. Nimelisaga kwa mikono yangu. Lakini usijali, marehemu alipenda sana samaki."

Wakacheka wote. Kicheko kile kilimkata Tamotsu maini. Aligeuka kumtafuta mkewe. Chigusa alikuwa akiwamiminia wageni chai, wala hakumwaga hata tone.

Hapohapo wazee wakakata shauri arudishwe kwao. Lilikuwa jambo jepesi, chakula hakikupata hata kupoa.

Tamotsu alimkuta Chigusa ukumbini.

"Kwa nini?"

"Nimechoka kukohoa," alijibu, wala hakumtazama. "Nguo zako nimeshazifunga tangu asubuhi."

Tamotsu aliingia chumba cha ndani. Mtoto Nao alikuwa amelala, ngumi zake ndogo kando ya masikio. Alipiga magoti, akazamisha uso katika nywele za mwanawe, akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu, kama mtu anayezama.

"Inatosha," Umeno alisema mlangoni. "Hata ukivuta mpaka kesho hupati kitu. Utamwamsha mtoto wetu."