Jiko Lililopewa Basari

Kuni zilikuwa mbichi, na moshi ulikuwa umejaa jikoni hadi Kalunde akawa anapapasa kutafuta mwiko. Alipuliza moto, akakohoa, akapuliza tena. Manyunyu ya Agosti huku milima ya Mbooni hayanyeshi wala hayaachi, na nyasi za paa zilikuwa zimelowa mpaka zikachoka kuzuia maji. Tone moja lilikuwa limejichagulia shingo yake. Chungu cha isyo, mahindi na maharagwe ya kuliwa leo, kesho na kesho kutwa, kilikuwa bado hakijachemka.

Ndipo akasikia gari. Gari kwake! Njia ile hata bodaboda huikataa siku ya mvua.

"Kalunde! Uko?"

Ilikuwa sauti ya Kaloki, naibu chifu. Nyuma yake, wakiruka matope, walikuja Kitonga mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi kule Wote, mkewe, na kijana wao Muthama, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka mmoja na Mbithe, binti ya Kalunde.

"Niko, naibu. Karibuni. Ngojeni niwafungulie nyumba, huku kuna moshi."

"Nyumba hapana," Kaloki alisema. "Hapa hapa jikoni panatosha. Hawa ni wageni wa ofisi, wanataka picha kidogo tu."

Picha? Ya nini? Lakini Kalunde hakulelewa kumhoji mgeni mlangoni. Alifuta kigoda kwa pindo la nguo, akaanza kuomba radhi kwa matope, kwa moshi, kwa kuku, kwa kila kitu. Mke wa Kitonga hakuketi. Alivua hereni akazitia kwenye mkoba, akavua viatu, akaitazama leso iliyokuwa kiunoni mwa Kalunde, ile iliyotobolewa na cheche.

"Mama, niazime hiyo."

"Hii? Ai, hii ni ya kupikia. Ndani niko na safi, wacha nikuletee."

"Hiyo hiyo ndiyo nzuri."

Kalunde akaifungua, akampa kwa mikono miwili, tena kwa aibu. Mke wa Kitonga akajifunga, akasimama mlangoni pa jiko. Kijana akaambiwa achuchumae kando ya mafiga na aache kucheka. Kaloki akarudi nyuma na simu yake, akasema, "Jamani, msionekane mmeshiba," na wote wakaangua kicheko, hata Kalunde, maana wageni wakicheka utafanyaje, si utacheka nao?

Mbithe alifika na mtungi wa maji mgongoni, kamba ikimkaza paji la uso. Akasimama ghafla.

"Mwaitu," alimwambia mamake, "hawa wanapiga picha ya nini kwetu?"

"Shika adabu. Salimia wageni."

Leso ilirudishwa kwa ncha za vidole. Wageni waliacha mkate na pakiti ya sukari. Jioni ile Kalunde alikunywa chai tamu, akamwambia binti yake kwamba matajiri nao ni watu. Mbithe hakugusa chai.

Sasa, hiyo nyumba ambayo Kaloki hakutaka kuingia. Mutie, mume wa Kalunde, alifukiwa na mchanga kule mtoni akiwachimbia watu wa malori, na hakuna lori lililosimama kuuliza. Alimwachia Kalunde mtoto mmoja na kibanda cha nyasi. Waliomjengea nyumba ni wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu: leo wanachimba matuta kwa huyu, kesho wanafyatua matofali kwa yule. Waliukanyaga udongo kwa miguu yao, wakachoma matofali, wakachanga mabati huku kila mmoja akijinyima kwake. Siku ya kupaua waliimba mpaka sauti zikakauka. Kibanda cha zamani kikabaki kuwa jiko. Ndani ya hiyo nyumba hamna kochi, hamna runinga, na godoro ni moja, la Mbithe. Lakini ukiiona kutoka barabarani, ah, inang'aa.

Na Mbithe alipita. B+, katika shule ya kutwa ambayo maabara yake ilikuwa kabati! Aliitwa chuo kikuu kusomea unesi, na siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu. Kamati ya basari, ile pesa ya karo ya watoto wa maskini, pale soko la Kithunguni ikimpitisha, anaenda. Ikimkataa, anabaki nyumbani kuchota maji. Njia nyingine haikuwapo. Mbuzi wote walikuwa wameishia kwenye karo ya sekondari.

Watu wa kamati walikuja kukagua. Hawakushuka garini. Kaloki alishusha kioo, akaipiga picha nyumba kwa mbele, wakageuza.

"Naibu, na ndani je?" Kalunde alikimbia akiita. "Na jikoni?"

"Tumeona, mama. Tumeona vizuri."

Majina yalipobandikwa, Muthama Kitonga alikuwamo. Mbithe Mutie hakuwamo.

Kalunde aliingia ofisini kwa kamati akiwa na matope hadi magotini. Mwenyekiti wa kamati, Mulinge, alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na bado alizungumza na watu wazima kama wamechelewa gwaride.

"Mama, wewe unajiweza," alimwambia kwa upole.

"Najiweza na nini, mwenyekiti?"

Akamgeuzia kompyuta. "Matofali. Mabati. Dirisha la kioo. Na mlango uko na kufuli. Mtu huweka kufuli kama ana kitu."

"Hiyo nyumba nilijengewa na mwethya. Hata hiyo kufuli nilipewa na Kaveke, mwenzetu wa kikundi."

"Sasa hiyo ndiyo kujiweza. Mwethya ni rasilimali, mama. Kuna watu hata wa kuwajengea hawana." Akabonyeza, picha ikabadilika. "Ona umaskini. Huu ndio tunasaidia."

Kalunde akaona. Leso yake. Mafiga yake. Chungu chake cha isyo, mdomo umemeguka pale pale alipokigonga siku ya mazishi ya Mutie. Na mke wa Kitonga amesimama mlangoni, uso ameukunja kwa njaa ya kuazima.

"Hiyo ni jikoni yangu!"

"Jikoni za nyasi zote zinafanana, mama."

"Muulize naibu! Si huyu hapa? Ni yeye alipiga!"

Kaloki alikuwa ameketi pembeni, anapekua simu. Hakuinua macho. Mwenyekiti alimtazama kidogo, akatazama dirisha, akaifunga picha. Alijua. Kalunde aliona kabisa kwamba anajua, na hasira ikampanda mpaka masikio yakaziba.

"Sasa unataka tufanye nini?" Mulinge aliuliza. "Ukabomoe nyumba ndiyo tukusaidie?"

Kaloki alimfuata nje, akamshika kiwiko. "Kalunde, usinichomee kazi. Kitonga ni mtu anasaidia watu wengi. Mwaka ujao nitakuweka wa kwanza."

"Jumatatu si mwaka ujao."

"Na wewe si uliwakaribisha mwenyewe? Leso ulitoa kwa mkono wako. Sukari si ulikunywa?"

Kalunde alikinyakua kiwiko chake, akashika njia. Lakini neno lile lilikuwa la kweli, na lilimchoma njia nzima ya kupanda mlima.

Alimkuta Mbithe akitoa nguo kwenye sanduku lake la bati, moja moja, akizirudisha kambani.

"Wacha tu, mwaitu. Nitatafuta kazi ya duka kule mjini Sultan Hamud."

"Rudisha nguo ndani ya sanduku."

"Lakini wamekataa."

"Nimesema rudisha!"

Kesho yake ilikuwa zamu ya mwethya kuchimba matuta kwa Kalondu, mmoja wao. Kalunde aliwasimulia wanawake akiwa na jembe mkononi, hakulia, wala habari ya sukari hakuificha. Walipokwisha kusikia, hakuna aliyechimba.

"Si tung'oe mabati?" Kalondu alisema. "Siku mbili tu. Wakishapiga picha tunarudisha."

"Mabati hayashuki," Kalunde alisema. "Kila bati mlijinyima ndiyo mkaninunulia. Nikiyashusha nitakuwa nimekubali kwamba mtu akiinuliwa kidogo na wenzake amefanya makosa. Sishushi! Wacha waninyime."

"Sasa?" aliuliza Kaveke, mkubwa wao, ambaye ndiye huanzisha wimbo.

"Basari imepewa jikoni. Basi jikoni iende ikachukue."

Wakamwangalia. Kisha Kaveke akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi kwenye udongo mbichi. Alipoinuka alikuwa hacheki tena.

"Cheki zinatolewa lini?"

"Ijumaa."

"Haya, akina mama. Tumalize hapa kwa Kalondu mapema."

Mbithe ndiye aliyeogopa. "Mwaitu, tutachekwa. Hao watu watanikumbuka hata mwaka ujao."

"Wakukumbuke! Wamekusahau vya kutosha."

Ijumaa wakateremka mlima. Jiko walikuwa wamelibomoa: nguzo zake nyeusi kwa masizi zilikuwa migongoni, kamba kwenye mapaji ya nyuso; nyasi zimefungwa mizigo; wanawake watatu wamejitwika mafiga; Kalunde na chungu chake. Mbithe alibeba sanduku la bati, limejaa. Waliimba wimbo ule ule wa siku ya kupaua, na watu wa Kithunguni wakatoka madukani wakidhani ni harusi.

Ndani ya ua wa ofisi, mbele ya ukumbi, wakaanza kuchimba mashimo.

"Nyinyi! Nyinyi! Hapa ni mahali pa serikali!" askari wa lango alikuja mbio.

"Tunajua, mwanangu," Kaveke alimjibu. "Shika hapa hii nguzo, isikuangukie."

Na huyo askari, maskini, akaishika.

Mikono iliyozoea kujenga haikawii. Nguzo zilisimama, fito zikafungwa, nyasi zikapanda juu. Mafiga yaliwekwa chini, chungu kikakaa, Kalunde akawasha moto. Mulinge alitoka ukumbini amevaa tai.

"Hii ni nini?"

"Ni umaskini, mwenyekiti. Ule ulinionyesha kwa kompyuta. Umekuja kuchukua cheki yake."

"Mama, leo kuna wageni. Utashikwa."

"Nishike. Lakini angalia kwanza. Angalia chungu, angalia hii leso. Bado zote zinafanana?"

Mulinge aliangalia chungu. Macho yake yakatua pale mdomo ulipomeguka, akageuka. Aliingia ukumbini, mlango ukafungwa, na wote wakasikia mlio wa kufuli.

"Sikieni!" Kalunde alipaza sauti. "Wameweka kufuli. Kumbe nao wanajiweza!"

Soko zima likacheka. Wakati huo huo gari la Kitonga liliingia langoni. Mkewe alishuka na kitenge kipya na hereni zake. Aliliona jiko kabla hajamwona mwenye jiko, akaganda mguu mmoja ukiwa bado garini.

"Mama Muthama!" Kalunde akaita, akiinua ile leso yenye matundu. "Mbona unasimama nje kama mgeni? Karibu kwako. Nguo yako ni hii."

Mke wa Kitonga alirudi ndani ya gari, akapandisha kioo. Muthama alikuwa ameshuka upande wa pili. Alimwona Mbithe ameketi juu ya sanduku lake, akatazama viatu vyake mwenyewe, akasimama hivyo hivyo, hajui aende wapi.

Kipaza sauti cha ukumbini kikakohoa. "Muthama Kitonga. Mzazi asogee mbele."

Kioo cha gari hakikushuka.

"Mzazi wa Muthama Kitonga!"

Kalunde alitoka jikoni, akasimama katikati ya ua. "Mzazi wa hii jikoni niko hapa!" Sauti yake iliwanyamazisha hata wauza nyanya. "Mimi ndiye niliwasha huo moto! Mimi ndiye nilipika hicho chakula! Fungueni mlango!"

Mlango haukufunguliwa. Lakini madirisha yalikuwa wazi, na kupitia hapo wakamwona Kaloki akiinuka kitini, akinyoosha koti, akienda mbele kupokea kwa niaba ya familia. Alipewa mkono. Akapigwa picha. Watu ndani wakapiga makofi.

Mbithe aliinamisha kichwa. "Twende nyumbani, mwaitu. Imeisha."

"Keti hapo juu ya sanduku lako. Hakuna kwenda."

Mama mmoja akajitoa kwenye umati, bahasha ya matokeo ya mwanawe kifuani. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kama vya Kalunde. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi pia walisema najiweza. Ati kwa sababu niko na tangi la maji, na ni kanisa lilinipa. Sasa... naweza kupigwa picha hapa kidogo? Labda mwaka ujao."

Nyuma yake alisimama mwanamume mwenye bahasha yake, na nyuma ya huyo wengine wawili. Walikuwa wanapanga foleni. Mama alikuwa ameshaanza kuvua kandambili.

Kalunde alitamani kulia, akakataa.

"Vaa viatu vyako," alimwambia. "Hakuna kuvua kitu hapa. Ingieni, mkae. Kaveke, wape viti."

Hakukuwa na viti. Wakaingia, wakakaa chini kuzunguka mafiga, bahasha magotini, na foleni ikaendelea kuja. Kalunde akachagua kuni mbichi kuliko zote, akazisukuma motoni, akapuliza. Moshi ukapanda, ukatafuta njia kwenye nyasi, upepo ukauelekeza moja kwa moja kwenye madirisha ya ukumbi. Ndani bado walikuwa wanasoma majina na kupiga makofi, lakini sasa walikuwa pia wanakohoa.