Rangi ya Mwamba wa Rutare

Kwenye ramani ya Aneth, mwamba wa Rutare ulikuwa mwekundu. Rangi hiyo ilimaanisha ardhi iliyochakaa, mahali ambapo maji yamebeba udongo na kuacha peupe pasipo mmea. Aneth, ofisa wa mipango ya ardhi aliyehamishiwa Kasulu kutoka Lushoto, alikuwa amelinganisha picha za setilaiti za miaka kadhaa, na kila mwaka weupe ule ulikuwa umetambaa zaidi. Chini ya mwamba ilikuwapo chemchemi inayotegemewa na kitongoji kizima. Kwa hiyo alipendekeza mteremko wote ufungwe na upandwe miti.

Alilisoma pendekezo hilo mbele ya kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji, mwishoni mwa Mei. Aliyenyoosha mkono ni Immakulata, kiongozi wa kina mama wanaoanika mihogo Rutare. Mihogo iliyoanikwa chini hushika mchanga, na wanunuzi wa Manyovu huonja unga kabla ya kutaja bei. Wakisikia mchanga kwenye meno, wanahamia kwa muuzaji mwingine. Bila mwamba, kikundi chake hakina soko.

Immakulata aliuliza kama siku hizi hata mawe yanachakaa. Wajumbe walicheka. Aneth alijibu kwa utulivu kwamba setilaiti haina ndugu wala adui kijijini, lakini utaratibu unamtaka aende kuona kwa macho yake.

Walipanda asubuhi iliyofuata pamoja na Philemon, mwenyekiti wa kijiji. Juu walikuta bamba la jiwe pana kama uwanja wa mpira, jeusi kwa kuvu ya masika. Udongo haukuwa umeondoka, kwa sababu haukuwahi kuwapo. Aneth alikagua kifaa chake, akazunguka ukingo wote kuhakikisha kwamba hajakosea mahali. Hakuwa amekosea. Picha ilionyesha peupe, naye alikuwa amesimama juu ya jiwe jeusi.

"Picha zako zilipigwa lini?" Immakulata aliuliza.

Aneth alieleza kwamba huchagua za Julai na Agosti tu. Miezi ya mvua mawingu hufunika milima hii, na kamera ya setilaiti haioni chini ya mawingu.

Immakulata aliketi pale pale, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Binti yangu, hiyo ni mihogo yetu. Julai jiwe lote linafunikwa. Na kama weupe unatambaa, ni sisi tumeongezeka."

"Mbona kwenye kikao hukusema?"

"Niseme nini? Mwamba ni wa kuanikia. Nani asiyejua?"

Lushoto hawakujua. Aneth hakubisha wala hakukubali. Alisema kwamba hayo ni maelezo mazuri, lakini anataka kipimo. Julai, siku atakayowaambia kwamba setilaiti itapita, waanike mihogo upande wa chemchemi tu, na upande wa pili wauache mtupu. Mkutano mkuu wa kijiji wa kupitisha mpango ungesubiri.

Siku hiyo anga lilikuwa safi. Kina mama walikuja na vitenge vya sikukuu. Philemon alivaa koti la harusi, akasimama katikati ya upande mtupu na kutazama juu. Aneth alimweleza kwamba kwenye picha ile hata nyumba huonekana kama nukta.

"Basi nitaomba wenzangu wasogee karibu," Philemon alisema. "Tukibanana tutatosha nukta moja."

Picha ilipofika, Aneth aliionyesha mkutanoni, kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Upande mmoja wa mwamba ulikuwa mweupe, wa pili mweusi, na mpaka kati yao ulinyooka kama tuta. Aneth alisema wazi kwamba ramani yake ilikosea, akaeleza sababu. Kina mama walipiga vigelegele.

Kisha akaonyesha jambo la pili. Miti iliyozunguka chemchemi ilikuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, na shamba moja lilikuwa limeingia karibu na maji. Watu walilitambua, wakamgeukia Immakulata.

"Hapo napo umeanika?" Philemon alimtania.

"Hapo ni maharage yangu," alisema Immakulata. "Kipimo kimenirudishia mwamba. Kikisema nimekaribia maji, siwezi kukiita mwongo. Niacheni nivune, kisha leteni miche."

Mpango ulipita. Miti ingepandwa kwenye chemchemi, na Rutare ingebaki ya kuanikia. Ufunguo wa ramani haukuwa na rangi ya matumizi hayo, kwa hiyo Aneth aliongeza kisanduku kipya, akamuuliza Immakulata apake rangi gani.

"Nyeupe," alisema. "Na uache nafasi pembeni. Mwakani tutakuwa wengi zaidi."

Philemon alikuwa bado amesimama karibu na ukuta, akitafuta koti lake kwenye picha.