Kolekole wa Mama Ndeti

Muthama alistaafu kazi ya reli Mombasa mwaka wa 1983, akarudi kwao Mukuyuni na godoro, redio na mazoea ya kula samaki. Godoro na redio vilipokelewa vizuri. Samaki ndiye aliyeleta taabu, maana Mbula, mkewe, alilelewa na watu waliomhesabu samaki kuwa jamaa ya nyoka. Hakuna aliyemla, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kila wiki Muthama alinunua samaki mkavu sokoni Emali, akamkaanga mwenyewe nyuma ya ghala, kwa sufuria aliyotengewa. Mbula alimwekea muthokoi mezani, mahindi yake yamekobolewa na kupikwa na mbaazi, kisha akaenda kula jikoni. Muthama alibaki anatafuna akitazama kalenda ya kanisa ukutani. Watoto wote walikuwa na miji yao. Upweke ulimwuma kuliko kule Mombasa, kwa sababu kule angalau alikuwa akingoja kurudi nyumbani.

"Ni hiyo harufu inamfukuza," akajiambia. Na kweli, yule mkavu wa Emali alinuka hadi barabarani. Hata siku ambazo hakumla, Muthama aliamini harufu imeishika meza. Lakini mkewe, Mama Ndeti, angeonja samaki wa baharini, kolekole aliyetoka majini juzi tu, angekaa naye wale pamoja. Alikuwa na hakika kabisa, kama wanaume wanavyokuwa.

Basi akapanda treni kwenda Mombasa. Miamba ya Likoni ilikuwa pale pale, ila wenzake wa kuvua Jumapili hawakuwapo. Mmoja alihamishwa, mwingine alifariki. Alisimama peke yake, mshipi mkononi, kipande cha ngisi kwenye ndoana. Maji yakajaa. Vidagaa vikaanza kuruka, naye akajua vinamkimbia mkubwa. Alitupa mara moja, mara mbili. Ya tatu, mshipi ukamchana kidole, akacheka kwa sauti, mzee mzima, akiuachia na kuuvuta hadi kolekole akafika mwambani, mgongo wa buluu, tumbo jeupe, mkia unapigapiga. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Akamtoa matumbo, akamfunga kwa barafu na maranda ya mbao ndani ya gunia, akaiwahi treni ya jioni.

Kesho yake Mbula alimtazama yule samaki kwa muda mrefu.

"Huyu hanuki," akasema.

"Si ndio nakuambia! Huyu ni fresh kabisa, Mama Ndeti. Onja kidogo tu. Ukae hapa tukule."

"Sawa. Nitakula."

Muthama alikaanga, akaweka sahani mbili mezani, akavuta kiti cha pili na kukipangusa vumbi. Mbula aliombea chakula, akajikatia kipande kikubwa, si cha kumridhisha mtu. Kisha akabeba sahani yake, akaenda jikoni.

Muthama alingoja. Chakula chake kikapoa. Mbula aliporudi, sahani yake ilikuwa na miiba mitupu.

"Ni mtamu," akasema. "Nimemaliza yote."

"Sasa mbona hukukaa?"

Mbula alisimama akiishika ile sahani kwa mikono miwili.

"Baba Ndeti, wewe ulikaa huko miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa nakula hapo jikoni na watoto, na walipotoka nikabaki nakula peke yangu. Samaki nimeweza, nimekula juu yako. Lakini mtu mkubwa akikaa mbele yangu, chakula hakishuki. Nimejaribu. Usikasirike."

Muthama hakukasirika. Laiti angeweza. Miezi yote hiyo alikuwa na samaki wa kulaumu, na sasa hata huyo hakubaki.