Kelele Iliyoogopa Wingu

Swichi ya nne, ya jikoni, niliizima saa tano na dakika kumi, na redio haikubadilika hata kidogo. Nikaandika kwenye daftari: jikoni, hapana. Nikazima ya tano, ya sebuleni. Hapana. Ikabaki swichi kuu, na mke wangu akaniomba nisubiri amalize kupiga pasi kola moja, kwa sababu kola ikiachwa nusu hukunjamana kwa hasira. Nikasubiri. Kisha nikaishusha.

Jokofu likanyamaza. Feni ikazunguka kivivu mpaka ikasimama. Lakini redio yangu, niliyokuwa nimeiunga kwenye betri ya gari, ikaendelea kunguruma vilevile, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mshale wa kupimia nguvu ya mawimbi ulikaa kwenye saba wala haukutikisika.

"Basi si sisi," nikasema.

"Tena ulikuwa unatushuku," akasema mke wangu. "Haya, rudisha umeme, Baba Mapacha. Shati lina mikono pia."

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Mambo ya redio nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua zilizokufa na kusoma vitabu vya mitumba, hadi nikafanya mtihani na kupewa leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu. Mwanafunzi wangu wa kwanza, na wa pekee, alikuwa shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Tunamwita Kokwa, kwa sababu utotoni alimeza kokwa akalia siku mbili akingoja mti uote tumboni. Sasa anapima upepo na mvua kwenye kisiwa ambako simu haishiki. Kila Jumapili saa kumi alasiri huja hewani, na mama yake huketi kando yangu kwenye kiti chenye mto, mikono mapajani, akisikiliza mwanawe akilalamikia wali wake ulioungua.

Jumapili nne zilikuwa zimepita hatujamsikia. Nilijua yuko pale. Chini ya ngurumo nilinasa sauti ya mtu, lakini neno sikulipata. Ofisi yake ilituletea barua kwamba ni mzima. Mama mkwe aliomba asomewe mara mbili, kisha akasema karatasi haikohoi. Jumapili iliyopita, nilipozima redio, hakuinuka kitini. Aliniuliza huku akiangalia sakafu.

"Baba, kama mwanangu hayupo tena, niambieni. Msinifichie nyuma ya kelele."

Kumwapia mkwe ni rahisi, lakini alichotaka si kiapo changu. Alitaka sauti. Na kesho ilikuwa Jumapili.

Nikachukua redio ndogo ya mkononi, nikatoka nayo barabarani. Hatua ishirini, nasimama, nasikiliza, naandika. Watoto wa jirani walinifuata kidogo, wakaona sigawi kitu, wakarudi. Jirani yetu wa kushoto ni fundi cherehani, na cherehani lake lina mota ya umeme. Kelele zilianza kila siku asubuhi na kuisha jioni, saa zilezile anazofanya kazi. Mke wangu alikuwa ameshamhukumu tangu wiki ya pili. Mimi nilikuwa bado nakusanya ushahidi.

Nilimkuta ana pini tatu mdomoni. Nikamweleza shida yangu polepole, nikimwomba radhi kabla sijamlaumu. Alizitoa pini, akainua mikono kama mtu aliyekamatwa, akazima cherehani, akazima taa, akachomoa na redio yake iliyokuwa inaimba. Tukasikiliza. Nyuki walikuwepo, lakini wamefifia. Mshale ulionyesha tatu tu.

"Haya, Bwana Mitambo, nitembee na hiyo redio yako mpaka wapi?" akauliza.

Nikamwambia nitatembea mwenyewe. Kufika kona ya barabara, kelele zikaisha kabisa. Niliporudi zikaanza kupanda: tatu kwa fundi, nne kwenye ukuta wetu, sita kwenye geti langu. Yeye alikuwa amesimama mlangoni mwake na futi shingoni, akinitazama nikiganda pale.

"Nyani haoni kundule," akasema kwa upole, akarudi kwenye suruali yake.

Nikakaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari gotini. Vifaa ishirini na vitatu nilivyoviorodhesha, vyote nilikuwa nimevizima asubuhi, hata swichi kuu, na bado kelele zilitoka kwangu. Mke wangu alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Ghafla redio ikanyamaza. Niliitikisa, nikidhani betri imelegea. Nyuki wakarudi.

Baada ya dakika chache kelele zikakatika tena, na safari hii nikamsikia mke wangu akinung'unika kwamba jua hili leo linacheza kidalipo na nguo zake, mara litoke mara lijifiche. Nikainua kichwa. Wingu lilikuwa linapita. Lilipoliachia jua, kelele zikaanza. Nikangoja wingu la pili, nikaandika. La tatu, nikaandika. Mke wangu akaniuliza kwa nini nimetoa macho juu kama kuku anayekunywa maji.

Kitu gani cha nyumba hii kinajua kama jua limetoka?

Nilipopata jibu nilitamani kujificha ndani ya ile ndoo. Juu ya paa, sehemu ya chumba cha mama mkwe, kulikuwa na paneli ya sola. Niliifunga mimi, miaka miwili iliyopita, ili awe na taa ya kusomea hata umeme ukikatika. Wiki tano zilizopita alisema taa inachoka mapema, nikamnunulia kisanduku kipya cha kuchaji betri, cha bei poa. Tangu hapo taa ilimeremeta, na kila mgeni alipelekwa kuonyeshwa alichofanyiwa na mkwewe. Mimi nilipoandika orodha sikuikumbuka. Niliandika vifaa vya nyumba; ile ilikuwa zawadi.

Na kulikuwa na jambo jingine. Miaka kumi na minne nimeishi na mama mkwe chini ya paa moja, sijawahi kuvuka kizingiti cha chumba chake. Hakuna aliyenikataza. Nilianza hivyo kwa heshima, kisha nikashindwa kujua pa kuachia. Hata siku ya kufunga kisanduku, nilisimama nje ya mlango nikielekeza, "kushoto, hapana, mwekundu na mwekundu," na mke wangu ndiye aliyefunga. Nyaya zilizozidi sikuziona.

Nikaeleza. Mke wangu alicheka mpaka akakalia kikapu cha nguo. Mama mkwe alitoka, akaelezwa upya, lakini yeye hakucheka. Aliuliza swali moja tu: taa yangu ndiyo inamziba mwanangu? Nikasema si taa, ni kisanduku, kikichaji kwa jua hutoa zile kelele, na kosa ni langu. Akaingia ndani, akarudi na shuka lake zito la kujifunika, akanipa.

"Panda ukaifunike."

Mimi nilikuwa nawaza vipimo na nyaya. Yeye aliwaza shuka. Nikapanda ngazi, nikaitandika paneli kama mtoto anayelazwa mchana. Chini, mke wangu aliyeshika redio akainua mkono. Kimya. Mshale ulikuwa kwenye moja. Kwa mbali, mtu wa mahali fulani alikuwa anamhesabia mwenzake namba, na kila namba ilisikika.

Nikaliondoa shuka, nikashuka nalo, nikasema kesho tutafunika hivihivi, lakini nataka kuuponya ugonjwa wenyewe, maana Jumapili ni nyingi na shuka ni moja. Ninazo pete nyeusi nzito nilizozichomoa kwenye kompyuta mbovu. Waya ukizungushwa humo, kelele hushindwa kusafiri. Nikamwita mke wangu ashike koleo, nikasimama mahali pangu, nje ya mlango.

"Miaka yote unasimama hapo kama askari wa zamu," akasema mama mkwe. "Ingia, mwanangu. Mimi si benki."

Nikavua viatu, nikaingia. Kitanda, sanduku, picha ya Kokwa mwenye meno mawili. Na juu, kutoka pembe hadi pembe na kurudi, waya wa hatua nane ukining'inia katika chumba cha hatua tatu, na leso mbili zikikauka juu yake. Antena ya kurusha kelele, nzuri kuliko yangu. Mke wangu akatazama dari kana kwamba hajawahi kuliona.

Nikaukata waya, nikabakisha unaotosha, nikaanza kuuzungusha kwenye pete. Ilihitaji mizunguko tisa. Nilipofika wa pili jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ukuta wa fundi cherehani, na kisanduku kikanyamaza chenyewe. Bila jua hakuna kelele, na bila kelele nisingejua kama nimeiponya. Nikaweka koleo chini, nikaandika: pete, mizunguko miwili, bado saba, kupima asubuhi.

Nilipokwenda kuondoa ngazi, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa, shuka limekunjwa mapajani.

"Iache hapo hapo," akasema. "Na lile daftari lako, andika: kesho, saa kumi kasorobo, shuka."

Nikaandika mbele yake. Akanyoosha shingo, akasoma, akaridhika.