Supu ya Kichina ya Mwalimu Abdiel

Mwalimu Abdiel alikuwa na kisukari na kidonda kwenye kidole cha mguu, na kati ya hivyo viwili alikiri kimoja tu, kidonda. Kisukari alikiita maneno ya madaktari. Lakini daktari wa hospitali alikuwa amesema wazi: sukari isiposhuka, kidole kitakatwa. Ndipo Anande, binti yake anayeishi Sekei, alipompeleka kwa tabibu wa mitishamba ya Kichina mjini, mama mmoja mwembamba aitwaye Lin, ambaye Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha wateja wake wengi.

"Vidonge vya hospitali usiache hata siku moja, na hii mwonyeshe daktari wako," Mama Lin alisema, akifunga mizizi na magome kwenye karatasi. "Hii ni ya kusaidia tu. Chemsha kwa maji, kunywa kikombe asubuhi na jioni. Wewe peke yako, baba."

Abdiel aliitikia kila neno kwa kichwa. Alipofika kwake Nkoaranga alikuwa amebaki na neno moja tu, mizizi.

Maana huku mlimani Meru mzizi una heshima yake. Hauchemshwi kwa maji matupu kama chai ya mgonjwa. Unapikwa na mifupa ya mbuzi mpaka mafuta yaelee juu, na wanaume wanaitwa, kwa sababu mwanamume anayekunywa supu peke yake ama ni mchoyo ama ni mchawi. Abdiel, mzee wa kanisa, hakutaka kuitwa lolote kati ya hayo. Akachinja.

Wakaja Lomayani, Sakaya, Aminiel na wengine ambao kidonda cha Mwalimu hakikuwahi kuwatoa nyumbani. Supu ilikuwa chungu hadi ikawafumba macho. Aminiel akashauri iwekwe asali.

"Si ana kisukari huyu?" Elinipa, mkewe, aliuliza kutoka mlango wa jiko.

"Asali si sukari, Mama Anande," Abdiel alimjibu kwa upole wa mtu aliyefundisha sayansi mpaka akastaafu. "Sukari inatoka kiwandani."

Asali ikamiminwa. Na kwa kuwa mwenye nyumba mstaarabu hujipakulia mwisho, wageni walikunywa dawa, yeye akabaki na uboho na masalia ya asali chini ya sufuria.

Kila Jumamosi ikawa hivyo. Mizizi ikiisha, Anande anaagizwa mingine. Wanaume wakanawiri. Sakaya alisema mgongo umeacha kumuuma. Lomayani alidai sasa anauona Kilimanjaro hata kukiwa na mawingu. Abdiel aliona fahari, akavipandisha vidonge vya hospitali juu ya kabati. Mafahali wawili hawakai zizi moja, alisema. Jumapili moja akasimama kanisani kumshukuru Mungu kwa uponyaji, mguu mmoja kiatu na mwingine ndala, kwa sababu kiatu kilikuwa hakiingii tena.

Kidole kilikatwa kabla ya mavuno ya kahawa. Daktari alimwambia kwamba akiendelea hivyo, safari ijayo hawatazungumzia kidole, watazungumzia mguu. Abdiel, ambaye hakulia hata kwenye msiba wa baba yake, alilia mbele ya nesi anayelingana na wajukuu wake. Aliogopa kwelikweli. Aliiwaza migomba yake ya bondeni, na ule mteremko ambao mtu wa magongo hawezi kuushuka.

Daktari aliikagua mizizi, akaruhusu iendelee mradi vidonge vitangulie na sukari ipimwe. Jumamosi wenzake wakaja kumpa pole, kila mmoja na kikombe chake cha bati. Elinipa akatoka jikoni na birika dogo, kikombe kimoja, na kidonge kwenye kisosi.

Abdiel akameza kidonge. Akakitazama kikombe, maji matupu na uchungu wake, kisha akawatazama wageni waliokaa na vikombe vitupu. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Mzee mzima wa kanisa, anywe mbele za watu bila kuwakaribisha. Akanywa chote.

"Sasa Mwalimu," Sakaya alisema taratibu, "na sisi je?"

"Ninyi mna vidole," Abdiel alijibu, akijifuta mdomo. "Kaeni tu mnitazame."