Matundu ya Mzee Timazi

Mafundi walimwita Timazi, kama ule uzi wa kupimia wima wa ukuta, kwa sababu jicho lake halikuhitaji kamba wala pima maji. Alikuwa akisimama mbali na ukuta, anafumba jicho moja, anasema, "Umelala huo, bomoa," na watu wakipima wanakuta kweli umelala. Miaka arobaini alisema bomoa na watu wakabomoa. Sasa ulikuwa mwezi wa nne hajatamka neno. Kiharusi kilimkuta bafuni, kikamwachia macho, masikio, akili zake zote timamu, na mkono wa kushoto unaotii pale unapojisikia. Ulimi kilikwenda nao.

Nyumba ya binti yake ilikaa kwenye mteremko, na gari liliishia chini barabarani. Kila siku ya kliniki mkwewe na jirani walimbeba juu ya kiti, wakihema na kuulizana nani kamwachia mwenzake uzito, naye katikati kafumba macho kwa aibu. Mkwe gani anatakiwa kumbeba baba mkwe kama kabati? Binti akakata shauri: mteremko uchongwe, njia ya gari ifike mpaka mlangoni, na ubavuni mwa njia ujengwe ukuta wa kuzuia udongo. Juu ya udongo huo, hatua tatu tu kutoka ukingoni, ndipo kilipokuwa chumba cha wajukuu.

Fundi aliyeitwa alikuwa Karai. Jina hilo alipewa na Timazi mwenyewe, enzi anabeba karai la zege kichwani na shingo imemzama mabegani. Siku hizi alikuwa fundi mkubwa wa nyumba za tambarare, na kitambi juu. Alipomwona mzee barazani alivua kofia, akapiga goti, akalia waziwazi mbele za watu.

"Mzee wangu, kazi hii siichukulii kama kazi. Ni heshima yako," alisema.

Wakakaa mezani. Karai akachora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Ukuta wa mawe, urefu kumshinda mtu mrefu. Msingi ushuke mpaka kiunoni. Chini unene, juu upungue. Timazi alisikiliza kila kipimo, na moyoni akasema safi, kijana hajasahau. Akasubiri neno moja tu lililobaki. Nyuma ya ukuta wa namna hiyo unamwaga kokoto, na kwenye ukuta wenyewe unaacha matundu, ili mvua ikinyesha maji yaliyojaa udongoni yapate pa kutokea. Bila hivyo udongo unavimba, unasukuma, na hakuna jiwe la kuuzuia. Hilo hata mbeba maji wa saiti analijua.

Neno halikuja.

"Na mvua, Fundi?" mkwe aliuliza. "Paa lote hili linamwaga maji huku huku."

Moyo wa Timazi ukaruka. Asante, mkwe wangu, asante sana!

Karai akatabasamu. "Hapo ndipo utakapomjua mzee ni nani. Sitaacha hata tundu la sindano. Zamani niliacha matundu kwenye ukuta wake, akanitia adabu mbele ya mafundi wote. 'Ukuta wangu hautobolewi, Karai! Unawawekea panya mlango?' Nikayaziba mwenyewe, moja moja. Tangu siku ile sijaacha tundu maishani mwangu."

Timazi akakumbuka. Ule ulikuwa ukuta wa uzio, uwanja sawa, pande zote mbili hewa tupu. Karai alikuwa ametoka kujifunza matundu kwenye kazi ya mlimani, akayapeleka na kwenye uzio. Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini. Timazi naye alicheka, akagomba, akaenda kula. Hakumweleza kwa nini mlimani ndiyo na pale hapana. Alikuwa na njaa, na kueleza ilikuwa kazi. Laiti angechelewa kula siku ile!

Akajaribu kusema. Ikatoka sauti ya mtu anayekohoa. Binti akampigapiga mgongoni.

Mezani mbele yake palikuwa na kikombe cha maji. Akautuma mkono wa kushoto, ukaenda polepole, ukakifikia. Akakiinamisha makusudi juu ya mchoro, palepale kwenye ukuta, maji yakasambaa nyuma ya mstari yakajikusanya. Tazama, Karai. Tazama yanavyokaa!

"Pole, Baba," binti alisema, akafuta haraka. Akaenda kumletea kikombe chenye mfuniko, kile cha mtoto mdogo. Mkwe akaanika kalenda juani. Timazi alitamani kulia, ila machozi nayo wangeyafuta.

"Tumuulize mwenyewe," Karai alisema. "Si mlisema ana namna ya kujibu?"

Alikuwa nayo. Nesi ndiye aliyewafundisha: akibana mkono mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kwa chai na dirisha iliwatosha, mradi mtu awe na subira, maana baada ya kubana mara moja mkono ulihitaji kupumzika ndipo utii tena.

Karai akapiga goti, akauchukua mkono wa mwalimu wake kwa viganja vyote viwili. "Mzee, tujenge hivi nilivyochora?"

Timazi akakusanya kila alichobakiwa nacho. Akabana. Moja. Akaanza kuusihi mkono urudie, haraka, mara moja tu, kwa ajili ya wale watoto.

"Amekubali!" Karai akaunyanyua mkono juu, watu wote wauone. "Na nguvu bado anazo, amenibana mpaka mfupa!"

Binti akamkumbatia baba yake, akicheka na kulia pamoja. Mkwe akapiga makofi. Karai akavaa kofia, akashuka mteremkoni na vigingi vya kamba na nyundo.

Bano la pili lilikuja wakati mkono umesharudishwa pajani. Lilishika suruali, likakaza, likaachia. Kule chini Karai alikuwa ameshavuta kamba ya msingi. Timazi akafumba jicho moja, akaitazama. Ilikuwa imenyooka.